Kwa Pedeli Hadi Sudi

Mlioniona nikishuka kwenye basi pale Nangurukuru, kondakta akiniteremshia baiskeli kutoka juu, naomba mnyamaze kwanza. Najua mlichokisema. Jirani yangu Zena kaniletea maneno yote kabla sijavua viatu: Somoe kashindwa, Somoe karudi na aibu yake, si tulimwambia. Wapi! Kaeni niwaeleze ilivyokuwa, kituo kwa kituo, halafu atakayetaka kucheka acheke mbele yangu.

Kwa wasiojua lilipoanzia: marehemu mume wangu, Bakari, aliacha vitu vichache, navyo viligawanywa kwa utaratibu wa dini, sikubisha hata kwenye kijiko. Kilichobaki kubishaniwa ni baiskeli. Ile nyeusi, ya gia moja, ninayopelekea mikate ya kumimina kutoka hapa Kivinje hadi Nangurukuru kila asubuhi ya Mungu. Siku niliyotoka eda, shemeji yangu Hamisi, mdogo wake Bakari, alikuja kutoka Sudi akasema mbele ya watu kwamba baiskeli ni chombo cha mwanamume na ataondoka nayo. Nikamwambia hiyo ndiyo kazi yangu, ukiichukua umenikata miguu. Akacheka.

"Shemeji, wewe unaipanda tu. Mwenye kuijua alikuwa kaka. Cheni ikikatika utaifunga wewe?"

"Nitaifunga."

"Haya. Ijumaa ijayo tunamsomea kaka hitma kwa mama, Sudi. Njoo nayo umeikalia. Ukifika hivyo ni yako, sifungui mdomo wangu tena. Ukiipakia kwenye gari, hata hatua mbili, naichukua."

Alikuwa anatania. Watu walicheka naye. Mimi nikasema nimekubali, na nyote mliokuwepo ni mashahidi, na wengine kati yenu mliguna. Niliwasikia.

Kivinje hadi Hoteli Tatu

Ile miezi minne na siku kumi niliyokaa ndani, baiskeli nayo ilikaa ndani, na hewa ya bahari haikuionea huruma. Cheni ilikuwa nyekundu kwa kutu, ukiikunja inabaki vilevile ulivyoikunja. Nikapata mpya. Sasa cheni ya dukani huja ndefu, lazima uipunguze pingili mpaka ienee kati ya meno ya mbele na ya nyuma. Nilimwona Bakari akifanya kazi hiyo mara nyingi, baiskeli kaiegemeza ukutani, mimi nikimshikia spana. Nikang'oa pini kwa msumari na nyundo, nikapunguza, nikaunganisha ncha mbili kwa kile kiungo chenye klipu. Klipu ni kibati kidogo, upande mmoja umezibwa na upande mwingine una mdomo, na ndicho kinachozuia cheni isifunguke. Bakari alikuwa akisema upande uliozibwa uangalie mbele, mdomo uangalie nyuma.

Nikakumbuka vizuri sana. Ila siku ile ukutani niliegemeza mikeka iliyofuliwa, kwa hiyo nikaipindua baiskeli, kiti chini magurudumu juu, nikafunga hivyohivyo. Upande uliozibwa ukaangalia mbele, kama alivyosema. Nikalivuta gurudumu la nyuma mpaka cheni ikakaza kama kamba ya kuanikia, nikaona hiyo ndiyo imara. Nikamalizia kwa kuipaka mafuta ya nazi, mengi, yale mazuri ya Zena. Nikajisifu na kwenda kuoga.

Jumatatu baada ya sala ya alfajiri nikaondoka. Nilivaa suruali ya Bakari, dera juu yake, kanga kiunoni, kilemba kichwani, na kwenye keria nimefunga mikate sita na chupa ya maji. Pale Nangurukuru wateja wangu wakaniuliza mikate iko wapi. Nikawaambia leo napita.

"Unapita kwenda wapi?"

"Sudi."

Mmoja chai ilimpalia, wakampiga mgongoni. Nikawaacha wanahangaika naye.

Nilijua mapema kwamba kuna kitu hakiko sawa. Pedeli zilikuwa nzito, na kila mzunguko ukifika mahali fulani cheni inalia krr, kama inasaga mchanga. Nikasema ni upya wake, itazoea. Magoti yangu ndiyo yaliyozoea, tena kwa kulia. Vilima vile ambavyo kwenye gari hamvioni, mimi nimevihesabu kwa mapaja. Nilifika Hoteli Tatu jua limeshapunguza ukali, nikakaa kwenye benchi la mama ntilie mmoja, Mama Rehema, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Akanitazama suruali, akatazama baiskeli, akaja kukaa karibu nami.

"Kakupiga?" akaninong'oneza.

"Nani?"

"Mumeo."

"Mume wangu kafariki."

Akaitazama tena suruali ya kiume, akatazama nyuma yangu barabarani, akasogea kidogo kwenye benchi. "Dada yangu," akasema, "umemfanya nini?"

Lo! Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nilipomweleza habari ya Hamisi, yeye naye akacheka, akaniletea wali wa nazi na mchuzi wa pweza ambao mpaka leo nauota, na akanipa mkeka ndani kwake nilale. Alfajiri mbuzi wake akaja kuinusa mikate yangu, akaiangusha baiskeli. Kava ya cheni ikabonyea kwa ndani. Mama Rehema akamtukana mbuzi yule matusi ambayo siwezi kuyarudia. Nikaigonga kava kwa jiwe mara mbili, nikaona yatosha, nikaondoka.

Hoteli Tatu hadi Kiranjeranje

Haikutosha. Sikuwa nimekwenda mbali, nikasikia tak! na miguu ikazunguka hewani bila kukamata kitu. Kutazama chini, cheni imelala barabarani nyuma yangu. Klipu haipo.

Niliitafuta klipu ile nimepiga magoti kando ya lami, napekua mchanga kwa vidole, mpaka jua likanipanda utosini. Kitu chenyewe hakizidi ukucha. Gari moja likapunguza mwendo, mwanamke akatoa kichwa dirishani akauliza kama nimepoteza hereni. Nikamwambia ndiyo, hereni. Ningemweleza nini?

Nikaona waya kwenye ua wa shamba, nikaomba kipande, nikafunga kiungo kwa waya. Ukakatika. Nikafunga tena, ukakatika. Mara ya tatu nikavua cheni, nikaivaa shingoni, nikasukuma. Hamisi hakusema nisisukume. Kusukuma si kupakia gari, na yeyote anayeona tofauti aje anisukumie yeye. Lakini sitawaficha, njia nzima ile nilikuwa namsikia akisema, cheni ikikatika utaifunga wewe? Nilikuwa nalia kwa hasira. Jasho na mafuta ya nazi vikanichuruzika kifuani, dera langu la maua likageuka jeusi.

Kiranjeranje ilikuwa siku ya gulio. Wakanielekeza kwa fundi Beda, Mmatumbi wa huko milimani anayeshuka na ufuta wake kuuza na akishauza anakaa kutengeneza baiskeli. Mtu mfupi, rozari shingoni, mafua yamemshika, hana raha na mtu. Nilimwamkia, akaitikia kwa kupenga kamasi. Akaishika cheni, akainusa.

"Nini hiki?"

"Mafuta ya nazi."

"Ulitaka kuikaanga?"

Akanionyesha: mafuta mazito yameshika mchanga wote wa kutoka Kivinje, na mchanga ule ndio uliokuwa ukisaga. Kisha akauliza klipu ilikuwaje. Nikamwambia kwa kujiamini kabisa, upande uliozibwa mbele, mdomo nyuma, ndivyo alivyonifundisha marehemu.

"Baiskeli ilikuwa imesimama au umeipindua?"

"Nimeipindua."

Beda akakaa chini, akacheka mpaka mafua yakamtoka. Halafu akaipindua baiskeli yangu akanishika mkono, akauweka kwenye pedeli. "Zungusha kwenda mbele. Tazama cheni hii ya juu inakwenda wapi."

Nikazungusha. Cheni ya juu ilikuwa inarudi nyuma. Nikazungusha tena, sikuamini macho yangu.

"Ukiipindua, ya juu ndiyo iliyokuwa chini," akasema. "Marehemu wako alisema kweli, lakini alikuwa ameisimamisha. Wewe mdomo wa klipu umeutanguliza. Kava ilipobonyea, ikaudaka mdomo, ikaichomoa. Ungeiweka sawa, kava ingeteleza juu yake. Usiulize baiskeli inakwenda wapi. Uliza cheni inakwenda wapi."

Nikamwambia basi nifungie, fundi, nina safari. Akarudisha mikono mapajani.

"Siigusi. Si umesema shemeji yako kauliza kama utaifunga wewe? Nikikufungia mimi, utamjibu nini?"

Nilimchukia mtu yule kwa muda wa kama robo saa. Alinifanya niioshe cheni kwa mafuta ya taa, pingili kwa pingili. Alinifanya niinyooshe kava, nayo bado ilibaki na kibonyeo kidogo. Nikaifunga cheni, klipu mpya, mdomo nyuma kwa mwendo wa cheni. Nikakaza. Akaigusa kwa kidole, akatikisa kichwa. Nikalegeza. Akatikisa kichwa. Mwisho akasema: zungusha polepole mpaka upate mahali inapokaza kuliko kote, maana meno ya mbele hayako duara kamili, kisha pima hapohapo. Icheze kidole kimoja juu, kidole kimoja chini. Ikikaza sana inakula pedeli na magoti yako, ikilegea sana inaruka. Gurudumu likae katikati ya fremu, kaza nati huku kidogo, kule kidogo. Nikafanya mara nne. Ya tano akapenga kamasi akasema, "Hiyo."

Tone moja moja la mafuta ya cherehani kwa kila pingili, futa yanayobaki, basi. Nikampa mikate miwili. Akaila yote palepale akaniongezea klipu ya akiba, nikaifunga kwenye pindo la kanga.

Kiranjeranje hadi Mchinga

Jamani, Jumatano asubuhi baiskeli ilikuwa kimya! Sikujua kwamba baiskeli inaweza kuwa kimya. Nilipanda nikawa nasikia ndege, nasikia pumzi yangu mwenyewe, na pedeli zinakwenda laini mpaka nikajiuliza siku zote nilikuwa nasukuma nini. Nilivuka daraja la Mbwemkuru naimba. Sina sauti, mnajua, lakini nani angenizuia?

Baada ya hapo goti la kulia likavimba. Lilikuwa limeumia siku ya kwanza, kwa ule ujinga wangu wa kukaza cheni, na sasa likaja kudai haki yake. Kila kilima nashuka nasukuma, kila mteremko nakaa. Lori tupu likasimama, dereva kijana mwenye kofia ya kufuma akaniita.

"Mama, panda. Baiskeli tunaitupa nyuma, dakika tuko Lindi."

"Ahsante mwanangu, siwezi."

"Kwa nini?"

"Hamisi ataona."

Akatazama huku na huku, pori tupu. "Hamisi nani?"

"Shemeji yangu."

"Yuko wapi?"

"Sudi."

"Sasa mama, Sudi kule, wewe huku, ataonaje?"

"Sijui ataonaje, ila ataona. Wewe humjui Hamisi."

Akanitazama kwa huruma, kama mnavyomtazama mtu aliyechanganyikiwa na jua. Akanipa chungwa akaondoa gari. Lilipopotea kwenye kona nilitamani kulikimbilia, nawaambia kweli. Goti lilikuwa kubwa kama kifuu. Nilikaa kando ya barabara nikala chungwa lile nikamsema Hamisi kwa sauti, tusi baada ya tusi, mpaka hasira ikanirudia vizuri. Kisha nikapanda.

Mchinga hadi Mingoyo

Mchinga nililala kwa wanawake wanaokausha dagaa, wakanikanda goti kwa maji ya moto na chumvi. Alhamisi karibu na Lindi mjini nikasikia cheni inapiga kava, tak, tak, polepole. Imelegea. Cheni mpya hujinyoosha kidogo, Beda aliniambia. Nikaipindua baiskeli palepale kando ya njia, nikatoa spana.

Akaja baba mmoja, kanzu safi, mwendo wa polepole. "Mama, mumeo kaenda kumwita fundi?"

"Hapana. Fundi ni mimi."

"Aha. Na mumeo?"

"Kafariki."

"Innalillahi. Basi ngoja nikutafutie mtu."

"Baba, nimeshamaliza," nikasema, na kweli nilikuwa nimeshamaliza. Nikazungusha nikapima mahali pa kukaza, kidole juu, kidole chini. Yeye akasimama hapo akisubiri huyo mtu atokee. Nikamwacha anasubiri.

Ilikuwa pale, nikishuka kuingia Lindi, ndipo Bakari aliponijia. Mikono yangu ilikuwa inanuka mafuta ya cherehani na chuma, na hiyo ndiyo ilikuwa harufu yake yeye akirudi kula. Nilimlilia nikiwa kwenye mwendo, maana kwenye eda niliambiwa nisubiri, nikasubiri mno, machozi yakaenda kujificha. Watu wa Lindi waliona mama mzima anashuka mteremko analia huku ameshika breki. Na waone. Nikapitiliza mji, nikafika Mingoyo, nikalala kwa binti ya mwalimu wangu wa chuo cha Kurani.

Mingoyo hadi Sudi

Njia ya kuingia Sudi, ukishaacha lami, ni mchanga na vumbi. Nilikanyaga mpaka pale uwanjani kwa mama mkwe, Bi Mwanaidi, sikushuka hata mara moja. Watu walikuwa wametoka msikitini, mikeka imetandikwa, ubani unafuka. Nikapiga kengele. Kanzu zote zikageuka.

Hamisi alisimama kwanza amepigwa na bumbuwazi. Kisha akaizunguka baiskeli, akaigusa cheni, akacheka.

"Kakushusha nani hapo njia panda?"

"Nimetoka nayo Kivinje."

"Nani shahidi?"

Mama Rehema yuko Hoteli Tatu, Beda yuko milimani. Nikawatazama watu, nao wakatazama mikeka. Siku tano za goti langu, na huyu mtu anazifuta kwa swali moja! Damu ikanipanda kichwani.

"Na hii cheni mpya," akaendelea, "kakufungia fundi gani? Maana hii si kazi ya mwanamke."

Nikashuka. Nikaichomoa klipu kwa ncha ya bisibisi, nikaivua cheni yote, nikamwekea mkononi juu ya kanzu yake nyeupe. "Ifunge wewe, mwenye kujua," nikasema. "Ukiifunga ukaizungusha nyumba ya mama mara moja tu, ichukue. Nawaambia wote, ichukue."

Hamisi akakunja mikono ya kanzu. Akaipindua baiskeli, kiti chini. Akaivisha cheni, akachukua klipu, akaweka upande uliozibwa uangalie mbele, kule usukani uliko. Nilimwona. Ningeweza kumwambia. Nikanyamaza, na msinihukumu. Akalivuta gurudumu, akakaza cheni mpaka ikawa kama kamba ya kuanikia, akajipangusa jasho, akasema, "Hivi ndivyo kaka alivyokuwa akifanya."

Akaisimamisha, akapanda. Pedeli zikagoma, akazikanyaga kwa nguvu, cheni ikalia krr. Alifika kona ya jiko. Pale pana mzizi, baiskeli ikaruka, kava ikaudaka mdomo wa klipu, tak! Hamisi akakanyaga hewa akaangukia kwenye majivu, na klipu ikazama mchangani. Hakuna aliyecheka. Hitma ilikuwa haijasomwa. Lakini niliona midomo ikibanwa.

Nikafungua pindo la kanga, nikatoa klipu ya Beda. Nikaipindua baiskeli mbele ya wanaume wote wale, nikazungusha pedeli kwanza, nikaangalia cheni inakokwenda, ndipo nikaiweka. Nikalegeza gurudumu, nikatafuta mahali pa kukaza, kidole juu, kidole chini, nati huku kidogo, kule kidogo. Nilikuwa sina haraka. Kisha nikapanda, nikaizunguka nyumba ya mama mkwe mara moja, kimya kabisa, nikarudi nikasimama kwenye mkeka wake.

Bi Mwanaidi akainuka. Akaishika mikono yangu myeusi, akaigeuza, akainusa. Alikuwa mama yake Bakari. Harufu ile aliijua. Macho yakamjaa.

"Hamisi," akasema, "mletee shemeji yako maji anawe."

Akaleta. Yeye mwenyewe, kwa birika, akanimwagia mkononi na sabuni akanishikia, mbele ya watu. Ndipo tukasoma hitma.

Sudi hadi Nangurukuru

Nilikaa kwao mpaka goti lilipopungua. Siku ya kuondoka Hamisi aliniuliza, sauti ya chini, kama narudi kwa pedeli. Nikamwambia mwite kondakta.

Sasa mnajua. Kwenda, nisingeigusisha gari baiskeli ile hata kama ningekufa njiani, kwa sababu ilikuwa bado inagombewa. Kurudi niliipakia juu ya basi, nikaketi dirishani, nikala korosho mpaka Nangurukuru. Yangu. Nitaipakia ninapotaka, nitaishusha ninapotaka. Mikate itakuwepo kesho asubuhi, na kengele mnaijua. Cheni hamtaisikia.